Vipimo Ndani ya Kola

Ndugu Gobillard aliingia dukani akijikuna shingo, na kabla hajafungua kinywa Perrine Vasselin alishajua amefuata nini. Akajitia kushona tundu la kifungo kana kwamba hakumwona, akajidunga kidole.

"Shemeji, hii kola yako itaniua," Gobillard alisema, akavua koti na kulitupa juu ya meza ya kukatia. "Kuna kitu humu ndani. Kila nikigeuka kinanichoma, hapa chini ya sikio. Jana nimekaa kwenye kikao cha Kamati saa nzima nimeinamisha kichwa kama bibi harusi. Wenzangu wananicheka."

Ambroise, mumewe Perrine, alikuwa ameketi juu ya meza kakunja miguu, kama wanavyoketi mafundi nguo wote wa Paris. Aliruka chini haraka.

"Tuwie radhi sana, bwa... Ndugu."

Neno "bwana" lilikuwa limeshafika kwenye meno akalimeza. Ulikuwa mwaka wa pili wa Jamhuri, kila mtu sasa akiitwa Ndugu, na watu walikuwa wametiwa ndani kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Limeze vizuri lisije likakukaba," Gobillard alisema, akacheka kwa sauti.

Gobillard hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Perrine zaidi, maana mtu mbaya unajua ukae naye vipi. Kwa miaka ishirini alikuwa fundi wa wigi, nyumba tatu kutoka hapo, akiwamwagia makabaila poda hadi kwenye nyusi. Kisha mitindo ikageuka, na mitindo ikigeuka haimuulizi mtu ana watoto wangapi. Ikasemwa kwamba poda ni unga walioibiwa wenye njaa. Vijana wakaanza kutembea na nywele zao wenyewe, zimetimka, wala hawaoni haya. Gobillard akafunga duka, akabandika kifuani ua la utepe wa rangi tatu, akapata kazi kwenye Kamati ya Kata. Siku hizi kazi yake ilikuwa kugonga milango ya watu. Aliifanya kwa uchangamfu ule ule aliokuwa nao zamani akichana nywele, na waliogongewa milango hawakurudi nyumbani.

"Lete kwangu," Perrine alisema. "Kola ni kazi yangu."

"Najua. Mumeo kola hazimkubali."

Alivuta kigoda, akaketi karibu naye kabisa, goti kwa goti.

"Ifungue nione. Nataka nikijue kinachonitesa."

"Nikuletee divai kidogo, Ndugu? Kazi hii itachukua muda."

"Divai baadaye. Fungua."

Perrine alishika mkasi mdogo.

Alikijua kilichokuwamo. Tangu majani ya miti yaanze kupukutika alikuwa akikiwaza, akilala nacho, akiamka nacho. Fundi nguo humpima mteja kwa ukanda wa karatasi ngumu, kila mteja na wake. Hukata kijino kimoja penye bega, kingine penye kwapa, kingine penye kiuno, hivyo hivyo hadi gotini, kisha huandika jina mwishoni na kuutundika ukutani. Mteja akirudi, fundi huchungulia tu kama ameongezeka tumbo. Ukuta wa Vasselin ulikuwa na kanda arobaini na ushei, nyingine za tangu enzi ya baba yake Ambroise, wakati makoti ya wanaume yalikuwa na mikia mipana iliyotiwa nywele za farasi ndani ili isimame, na wake zao walikuwa wakipita milangoni kiubavu kwa sababu ya matenga waliyovaa chini ya sketi. Walipita wote mbele ya mkasi wa duka lile: hariri, mahameli, vizibao vilivyotariziwa maua, suruali za kuishia magotini. Na wengi wa wenye nguo hizo walikuwa makabaila. Sasa wengine walikuwa wamekatwa vichwa, wengine wamekimbilia ng'ambo ya mpaka kujiunga na adui, na yeyote aliyekutwa na majina yao nyumbani aliulizwa anayaweka ya nini.

Mwezi wa nane Ambroise alimwambia mkewe azishushe kanda zote azitie motoni. Perrine alizishusha. Kuzitia motoni ndiko kulikomshinda, na hilo lilikuwa kosa ambalo mke wa fundi nguo peke yake angeweza kulifanya. Karatasi nzuri vile, ngumu, iliyonyooka! Mama yake alikuwa fundi nguo, bibi yake pia, na hakuna mmoja wao aliyewahi kutupa hata kipande cha uzi chenye urefu wa kidole. Alizifunga akazisukuma chini ya godoro, akamwambia mumewe zimeungua. Aliona ni uongo mdogo wa nyumbani, kama ule wa bei ya nyama.

Kisha ikaja Sikukuu ya Akili, iliyochukua nafasi ya zile za kanisa, na wajumbe wanane wa Kamati wakaagiza makoti mapya kwa pamoja. Na mtindo ulikuwa umeshapanda shingoni. Kola ambayo zamani ililala mabegani sasa ilitakiwa isimame hadi masikioni, na kola haisimami bila kitu kigumu ndani. Kitambaa kigumu hakikupatikana, chote kimekwenda jeshini kushonewa mahema. Perrine alizitoa kanda chini ya godoro. Akazigandisha tano tano kwa gundi ya unga, akazilaza kati ya nguo na bitana, akazishonea humo kwa mishono midogo mia mbili. Nani hufungua kola? Koti huvaliwa, likachakaa, likauzwa mitumbani, likawa tambara, na kola haijafunguliwa. Siku zile alikuwa hata akicheka peke yake, akiona makabaila wamepata kuwa shingoni mwa Kamati. Kitambaa kilipobaki akamshonea Ambroise koti la tisa, upesi upesi, maana nguo za fundi mwenyewe hushonwa mwisho na vibaya.

Kicheko kiliisha siku mvua za kwanza ziliponyesha na akakumbuka kwamba gundi ya unga hulainika kwa maji.

Sasa alikata mshono wa kwanza, wa pili, wa kumi. Gobillard alikuwa akipumulia shavuni mwake, harufu ya vitunguu na tumbaku. Pembe ya ukanda mmoja ilikuwa imebanduka kwa jasho, imejikunja, imetokeza nje ya bitana. Perrine hakujua kusoma, lakini wino aliujua. Pale mwishoni palikuwa na mistari mitatu ya maandishi ya mumewe. Akaifunika kwa kidole gumba.

"Ambroise," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, "mwonyeshe Ndugu ile suruali ndefu tuliyomkatia. Asimame dirishani aone rangi."

"Rangi nitaiona baadaye. Mbona unanifukuza, shemeji?"

"Nani anakufukuza?"

"Basi sogeza mkono. Unaniziba."

Hapo Perrine akakumbuka jambo. Fundi wa wigi naye hupima kichwa cha mteja kwa ukanda wa karatasi wenye vijino. Huyu hakuhitaji kuelezwa. Angeona kijino kimoja tu angesimama, angeenda mlangoni, angeita walinzi kwa uchangamfu ule ule, na jioni Ambroise asingekuwa na mahali pa kuvalia kofia. Maandishi yalikuwa ya Ambroise. Jina la duka lilikuwa la Ambroise. Nani angemuuliza mkewe?

Alibana sindano yake kwenye subana ya chuma iliyokuwa kidoleni, akaikaza kwa nguvu zote. Ikakatika.

"Aa! Hiki hapa!" alipiga kelele. "Mchawi wako huyu hapa, Ndugu."

Alimwinulia ncha ya sindano machoni. Gobillard aliichukua kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakucheka.

"Sindano," alisema polepole. "Ndani ya kola ya mjumbe wa Kamati."

Mkaa ulikuwa ukilia ndani ya pasi juu ya meza. Ambroise alikuwa mweupe kama chaki. Perrine akaona amemvuta mumewe kutoka shimo moja akamsukumia jingine, na alitaka kulia kwa hasira.

"Ingeingia kidogo tu, hivi," Gobillard alisema, akijigusa chini ya sikio, "mshipa wenyewe uko hapa. Wapo watu wamepelekwa mahakamani kwa chini ya hili, Vasselin. Unajua?"

"Ndugu, naapa..."

"Wewe uliagizwa na nani? Na Waingereza?"

Ndipo akaangua kicheko, akampiga Ambroise bega hadi akayumba.

"Tazama uso wako! Shemeji, mtazame mumeo, tayari yuko juu ya mkokoteni wa kwenda kukatwa kichwa! Nakutania, wewe. Hii nitaichomeka kwenye kofia niwaonyeshe wenzangu."

Alipokuwa akicheka na kugeukia kofia yake, Perrine aliingiza vidole ndani ya kola, akavuta. Kanda tano zilibanduka pamoja kwa mlio wa nguo inayochanika. Alikohoa juu ya mlio huo, akakohoa tena, akapitisha mkono kwenye mpasuo wa sketi na kuzisukuma ndani ya mfuko aliojifunga kiunoni. Mahali pake akatia kipande cha kofia kuukuu ya manyoya ya sungura. Akafunga kola kwa mishono mirefu ya haraka. Gobillard alipoivaa aligeuza shingo huku na huku, akafumba macho kwa raha.

"Ahaa. Hiyo ndiyo kola. Shingo yangu bado naihitaji."

Perrine alidhani yamekwisha.

"Sasa la pili," Gobillard alisema.

Akajimiminia ile divai aliyoahidiwa, akanywa amesimama.

"Jana tumemkamata mtu kwenye lango la kaskazini. Vyeti vyake vinasema ni Poulain, mchota maji. Mchota maji gani ana mikono kama ya mtoto mchanga? Mimi nasema ni yule kabaila wa Varzelles, aliyekimbilia ng'ambo, amerudi kufanya fitina. Sasa jina mtu hubadilisha, Vasselin. Nywele hunyoa. Lakini mabega? Mabega atayapeleka wapi? Ninyi mlikuwa mkimshonea. Nipe ukanda wake nikampime."

"Hatuna tena, Ndugu," Ambroise alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilitulia, kwa kuwa alikuwa akisema ukweli anaoujua. "Tulizichoma zote mwezi wa nane. Tuweke majina ya makabaila ukutani ya nini?"

"Zote?"

"Zote."

"Hakuna hata mmoja uliojificha nyuma ya kabati?"

"Njoo upekue. Nyumba ni yako."

Perrine alitazama sakafu. Mfuko chini ya sketi ulikuwa unamuunguza pajani kama kaa la moto.

Gobillard aliridhika.

"Nakuamini. Lakini neno langu halitoshi. Utakuja sasa hivi mbele ya Kamati, uape, karani aandike, utie saini. Ni hatua hamsini tu hapo kanisani. Ila uape kweli kweli. Mtu akiapa uongo siku hizi..." Akapitisha kiganja shingoni, akitabasamu. "Vaa nguo ya heshima. Mwenyekiti Lardenois anapenda watu nadhifu."

Ambroise akanyoosha mkono kwenye msumari akalichukua lile koti la tisa.

"Vaa lile la zamani," Perrine alisema haraka. "Mvua hii italiharibu jipya."

"La zamani lina mikia ya kikabaila," Gobillard alisema. "Unataka mumeo aingie Kamati kama anakwenda kucheza dansi kwa malkia?"

"Basi aje kwanza ndani, nimwambie neno moja."

"Neno gani?"

"La nyumbani tu."

"Ya mke na mume mtayazungumza jioni, shemeji. Watu wanangoja."

Ambroise alimwangalia mkewe, akashangaa. Alidhani anaogopa bure. Akamgusa shavu kwa mgongo wa mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele za watu, na Perrine akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Narudi sasa hivi. Kitu gani cha kuogopa? Nakwenda kusema ukweli."

Mlango wa duka ulikuwa mfupi, na kila aliyetoka alilazimika kuinama. Ambroise aliinama. Mishono mirefu ya haraka nyuma ya kola yake, aliyoishona Perrine kwa mshumaa unaokaribia kuisha, ikaachana, na pembe nyeupe ya karatasi ikachungulia nje. Ilikuwa na urefu wa ukucha. Gobillard alikuwa ametangulia hakuiona. Hatua hamsini za mvua, kisha kusimama kichwa wazi mbele ya wajumbe wanane, kuinama kutia saini, na karani ameketi kando yake.

Perrine hakufikiri. Angefikiri labda angebaki pale pale. Alinyakua mkasi mkubwa wa kukatia nguo, akatoka mbio.

Uwanja mdogo mbele ya kanisa ulikuwa umejaa. Foleni ya mkate ilizunguka pembe mbili, wanawake watupu, vitambaa vichwani, maua ya utepe vifuani kama sheria inavyotaka. Penye ngazi za kanisa, ambalo sasa lilikuwa ofisi ya Kamati, wajumbe walikuwa wamesimama chini ya paa wakimngoja Gobillard, makoti yao yote saba yamefanana, kola zimesimama masikioni. Perrine alimfikia mumewe katikati ya uwanja, akamkamata kwa nyuma.

"Perrine! Una wazimu?"

"Simama!"

Alitia mkasi, akakata. Nguo nzito ililia chini ya makali. Na uwanja wote ukanyamaza, kwa sababu kila mtu pale alijua ni nani wanaokatwa kola. Kabla ya kupandishwa kwenye Mashine ya kukata vichwa, mnyongaji humkata mtu kola na nywele za kisogoni ili shingo ibaki wazi. Mwanamke mmoja kwenye foleni alijishika koo. Ambroise mwenyewe alisimama kama ng'ombe machinjioni, hakujitikisa.

Kola ikatoka. Perrine aliifumbata kifuani pamoja na vyote vilivyokuwamo, ndipo akaona macho ya watu mia mbili yanamtaka neno.

"Kola hizi ni za kikabaila!" alipiga kelele. Sauti ilimtetemeka, na watu wakadhani ni hasira. "Zamani walijitofautisha na sisi kwa poda, sasa wanajitofautisha kwa kola! Askari wetu wanalala nje bila mahema, sisi nguo tunazipandisha hadi masikioni? Mume wangu hataingia mbele ya Kamati na kitu hiki shingoni!"

Gobillard alikuwa amegeuka, mdomo wazi. Kisha Fanchette, muuza samaki, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni na ambaye ulimi wake uliogopwa na kata nzima, akapiga makofi.

"Kasema kweli mama huyu! Kasema kweli!"

Makofi yakaenea. Perrine alimshika mumewe mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Twende nyumbani." Walipiga hatua mbili.

"Na wewe je, Lardenois?" Fanchette alipiga kelele. "Mwenyekiti mzima! Hiyo kola yako tukuoneje masikio?"

Watu wakacheka.

"Labda hana!" mwingine akadakia. "Ndiyo maana tukilia njaa hasikii!"

Lardenois alikuwa mhunzi, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Aliitazama foleni. Alitazama wenzake. Katika mwaka ule hakuna aliyetaka kuwa wa pili kwa uzalendo, sembuse mjumbe wa Kamati. Aliteremka ngazi, akamjia Perrine, akanyoosha mkono wake mkubwa.

"Ndugu Perrine, nipe huo mkasi."

"Yako ni fupi, Ndugu Mwenyekiti," Perrine alisema. "Yako haina neno. Ni nguo nzuri, ni haramu kuiharibu."

"Umetufundisha sote leo. Nipe."

"Ndugu, nakuomba. Nitakuja kuikata mimi mwenyewe nyumbani kwako, kwa utaratibu, nikushonee nyingine."

"Ikate! Ikate!" foleni ilikuwa ikiimba, wanawake wakipiga viatu vyao vya mbao kwenye mawe.

Lardenois alimtoa mkasi mkononi taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto. Perrine alimwona akimpa mkasi mjumbe aliyekuwa nyuma yake, akimgeuzia mgongo, akiinama. Aliona makali yakiingia. Mjumbe yule hakuwa fundi. Hakukata kwenye mshono, alikata katikati, kola ikapasuka vipande viwili na watu wakashangilia. Mkasi ukaenda kwa wa pili. Ukaenda kwa wa tatu. Vipande vya sufu ya buluu vilirushwa juu, na pamoja navyo kanda nyeupe, ndefu, zenye vijino, zikizunguka hewani na kutua kwenye mawe yenye maji.

Mwanzoni watu walidhani ni pambo. Fanchette aliokota mmoja, akaugeuza huku na huku.

"Wanatia karatasi! Tazameni, ujivuni wenyewe ni wa karatasi!"

Gobillard naye aliinama akaokota. Hakuugeuza. Aliupitisha kati ya kidole na kidole gumba, kijino kwa kijino, kama alivyofanya miaka ishirini kwenye vichwa vya watu. Akausogeza mwisho wake karibu na macho. Akaokota wa pili. Akaokota wa tatu, na huo akausoma kwa sauti, na uwanja ukawa unanyamaza kuanzia karibu yake kwenda mbali.

"Wa Varzelles. Koti la kuwindia."

Alimtazama Perrine. Uchangamfu ulikuwa umemtoka usoni na Perrine akaona jinsi alivyo bila huo, mzee aliyechoka mwenye macho madogo.

"Sindano, eh?" alisema.

Woga wote aliokuwa nao Perrine tangu asubuhi, tangu mvua za kwanza, ulikuwa umefika mwisho wake na haukuwa na mahali pa kuzidi. Karani wa Kamati alikuwa ametoka ngazini na daftari lake, kalamu mkononi, na maandishi kwenye kanda yalikuwa ya Ambroise, kila herufi, na dakika chache zilizopita Ambroise alikuwa amesema mbele ya mjumbe kwamba zimechomwa zote. Aliyaona yote yaliyobaki: mkokoteni, shingo ile ile aliyoiweka wazi yeye mwenyewe kwa mkasi wake. Alifungua kinywa aseme ni yeye. Lakini angeaminika vipi? Kila mke pale Paris alisema hivyo, na mahakama ilikuwa imechoka kuwasikiliza.

Ambroise alikuwa bado anaitazama karatasi mkononi mwa Gobillard kama mtu anayemwona marehemu sokoni.

"Perrine," alisema, kwa sauti kubwa ya mshangao, bila hila yoyote, "si uliniambia umezichoma?"

Kila mtu alisikia. Lardenois alisikia, na Fanchette, na foleni nzima hadi mlangoni mwa mwokaji. Ambroise mwenyewe alilisikia neno lake likiisha kutoka, akajipiga kiganja mdomoni, na macho yakamjaa hofu ambayo hakuwa nayo kabla.

"Sikumaanisha... Ndugu zangu, mke wangu hakujua, mimi ndiye..."

"Anasema kweli," Perrine alisema.

Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka imara. Hakuna mwanasheria ambaye angemtetea mumewe kama alivyojitetea mwenyewe kwa kutojua, na mashahidi walikuwa mia mbili. Furaha ilimpanda, furaha ya kutisha.

"Aliniamuru nizichome mwezi wa nane. Nikamdanganya. Nikazitia kwenye kola peke yangu, yeye hajui hata moja. Karani, umemsikia alivyoniuliza? Andika kama alivyouliza, usipunguze neno."

"Perrine, nyamaza!" Ambroise alilia. "Nyamaza, mke wangu!"

Karani alimtazama Lardenois, naye Lardenois, kola yake imening'inia vipande viwili, akaitikia kwa kichwa. Gobillard alikuwa anaukunja ukanda wa Varzelles vizuri na kuutia mfukoni mwa kizibao. Huo ungefanya kazi yake kwenye mabega ya yule mchota maji kabla ya chakula cha mchana. Karani alisema mvua inamlowesha daftari, afadhali waende wakaandikie ndani. Perrine alimwachia mumewe mkono, akamwambia arudi dukani aitoe pasi juu ya meza isije ikaunguza nguo za watu, kisha akapanda ngazi mbele yao.